Umempa Mtoto Jina la Nani?

Duka la Rangi la Chokaa na Wanawe,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kikopo,

Salamu kwanza, kwa kuwa tumelelewa. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na mtoto je, kitovu kimekauka vizuri, au bado mnakigusagusa kwa wasiwasi? Mwambie wifi anywe vitu vya moto, alale kila mtoto anapolala, na asisikilize ushauri wa watu wasiowahi kuzaa, wewe ukiwa wa kwanza. Ile picha ya mtoto aliyefumba ngumi nimeibandika juu ya mashine ya kuchanganyia rangi, na hakuna mteja anayeuziwa kitu kabla hajaitazama na kusifu.

Huku tu wazima. Mama miguu inamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mimi sijambo, lakini nina hasira, tena hasira zenyewe sehemu kubwa ni juu yako. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila nikipandisha sauti unasema "mtandao, dada, mtandao," kisha unapotea. Karatasi haina mtandao. Nimempa huyu mwenzako anayesafiri kesho, na nimemwapisha akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka umefika mwisho. Mpe kiti akae.

Nianze na ujumbe wako. Ulipoulizwa kuhusu jina la ukoo uliandika hivi: "Sawa tu, fanyeni mnavyoona. Hata mtoto nimeshamwandikisha kwa hilo jipya, ni fupi na watu wa huku wanalitamka bila kuumia." Ukamalizia na kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi. Niliusoma nikiwa namchanganyia mtu rangi ya samawati, na yule mtu ameondoka hapa na rangi ya bilinganya. Amerudi juzi kulalamika. Nimemwambia alete malalamiko yake kwako.

Jipya! Mdogo wangu, hilo jina halina upya wowote. Ni la babu. Ni la yule mtu aliyemwacha Bibi na watoto wawili mikononi na wa tatu tumboni, akapanda baiskeli akisema anakwenda kutafuta spoki, na mpaka leo hizo spoki hazijapatikana. Wewe umelichukua ukamvika mtoto ambaye hata meno hana. Hukumuuliza hata Bibi.

Najua nani kalianzisha. Baba mdogo, Mwenyekiti wetu, anaozesha binti yake kwa watu wenye nyumba za ghorofa na hotuba ndefu. Kijana mwenyewe hana neno, anasalimia vizuri na anakula kila anachowekewa. Shida ni kwamba Mwenyekiti amegundua, uzeeni, kuwa jina la Chokaa linamwasha shingoni. Eti kadi ya harusi ikisomwa "ukoo wa Chokaa" watu watadhani tunauza saruji. Nikamwambia, baba, saruji tunauza kweli, tena mifuko imejaa hapo nyuma. Hakucheka.

Ndipo akaitisha kikao. Wewe ulikuwa kwenye simu, umeegemezwa kwenye jagi la maji, kwa hiyo nusu ya mambo hukuyaona. Alisimama akavuta koti, akatueleza kwamba jina la babu kwa lugha ya wazee maana yake ni Mlinda Mlango, jina la watu wenye heshima na nyumba, na kwamba Chokaa ni utani wa mtaani uliotuganda kwa bahati mbaya. Tena akasema ukoo ni wa baba, mwanamke hana ukoo wa kumpa mtu. Shangazi alikuwa anatafuna karanga, akaendelea kutafuna. Nilimtazama nikasubiri aseme neno, yeye aliyebebwa mgongoni na huyo mwanamke asiye na ukoo. Akaomba chumvi.

Mlinda Mlango! Mlango aliulinda vizuri sana, aliufunga kwa nje akaenda zake. Maana ya jina ni nini kama mwenyewe hakuitenda? Huyu fundi bomba wetu jina lake maana yake ni amani, na hakuna jirani ambaye hajawahi kushikana naye mashati. Mtu hupewa jina akiwa hajui kitu. Maana yake analiwekea mwenyewe baadaye, kwa anavyoishi.

Sasa nikukumbushe la kwetu lilivyopatikana, maana naona hewa ya huko imekufuta kichwa. Babu alipoondoka, Bibi alikuwa hana ufundi wowote ila mikono. Akaenda kwa mtu aliyekuwa akijenga, akaomba kupaka kuta. Wakacheka. Akachukua brashi akapaka upande mmoja wa choo cha wafanyakazi, wakaacha kucheka. Tangu hapo kazi yake ikawa kupaka chokaa. Wewe mwenyewe umeuona ule mchanganyiko wake: mawe ya chokaa ndani ya pipa, maji yanamwagwa, na pipa lote linatokota bila moto, sisi tumesimamishwa mbali na kuonywa tusichungulie. Kisha anachuja, anatia chumvi ili ukuta usichafue nguo za watu. Mwenye kubeba kopo la chumvi nyuma yake ulikuwa wewe, ndiyo maana unaitwa Kikopo. Au nalo umelibadilisha?

Alikuwa akirudi nyumbani mikono myeupe mpaka viwiko, na watu wa mtaani wakaanza: Chokaa huyoo, Mama Chokaa, wana wa Chokaa. Hilo halikuwa jina, lilikuwa tusi. Watoto walifukuzwa nalo njia nzima. Baba yetu alipopelekwa shule, mwalimu akamuuliza jina la baba yake. Baba, mtoto mdogo vile, na kamasi puani, akajibu, "Chokaa." Mwalimu akasema hilo ni la mama yako, mimi nauliza la baba. Baba akarudia, "Chokaa. Huyo ndiye anayetulisha." Darasa likaangua kicheko, lakini mwalimu akaandika. Shangazi alipofuata akaandikwa hivyohivyo, na Mwenyekiti mwenyewe, huyuhuyu wa koti, akaandikwa hivyohivyo, na cheti chake cha chuo kikubwa kilichotundikwa sebuleni kimeandikwa hivyohivyo. Kwa hiyo asituambie lilituganda. Baba alilichagua. Alilichukua tusi akalifanya jina, na kabla hajafa akalipandisha juu ya mlango wa duka hili kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Na jicho la Bibi? Nalo nikueleze? Ngazi iliteleza, ndoo ikaruka, chokaa ikamwingia. Alikaa ndani siku chache amefungwa kitambaa, halafu akarudi kwenye ukuta uleule akaumalizia, kwa sababu nusu ya ukuta hailipwi. Lile jicho halikuona tena. Hilo ndilo jina unaloliita gumu kwa watu wa huko. Wajifunze. Majina yao mbona sisi tunayatamka?

Nilidhani kikao ndicho kibaya zaidi. La. Ijumaa ya pili wakaja wakwe watarajiwa, kwa Mwenyekiti, sebule imepambwa, viti vimeazimwa. Bibi alivalishwa nguo mpya inayowasha, akakalishwa katikati kama mgeni rasmi. Mwenyekiti akaanza kupiga chuku. Akasema babu alikuwa mtu mkubwa, alifariki mapema akiwa safarini kikazi. Akasema tuliitwa Chokaa kwa sababu nyumba yetu ndiyo iliyokuwa nyeupe peke yake mtaa mzima. Halafu akamgeukia Bibi, akamshika bega, akatangaza: "Na huyu ndiye mama yetu. Hajawahi kufanya kazi ya mtu maishani mwake. Mzee hakutaka kabisa, alimweka kama malkia."

Watu wakapiga makofi. Bibi akasubiri yaishe, kisha akauliza kwa sauti yake ileile ya kuita watoto, "Mzee gani huyo?"

"Nauliza tu," akaongeza. "Huyo mzee ambaye hakutaka nifanye kazi, nami nimjue. Nimemtafuta miaka mingi."

Wale wageni wakacheka kwa upole, kama mtu anavyomcheka kizee aliyepotewa na akili. Mwenyekiti akampigapiga mkono, akawaambia, "Umri, jamani, umri." Hapo, Kikopo, damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Mtu ana akili zake timamu, anakumbuka kila ukuta aliopaka na rangi ya mlango wake, anafanywa punguani mbele ya watu ili uongo upite. Nilisimama. Mama akanivuta gauni nikakaa. Namlaumu Mama mpaka sasa.

Sitaki kumwonea Mwenyekiti. Yeye ndiye aliyekuwa tumboni. Hakumwona yule mtu hata kisigino, na mtu asiyemjua baba yake humshona mwenyewe, anamtia na vifungo vya dhahabu. Hilo nalielewa. Lakini huwezi kumshonea baba koti kwa ngozi ya mama. Hilo silielewi, na sitalielewa.

Jumanne nikafungua duka nikakuta ngazi mlangoni na yule mchora mabango wa karibu na kituo cha mafuta yuko juu, ameshapaka rangi nyeupe juu ya "Chok", anaelekea kwenye "aa". Nikashika ngazi. Sikuitikisa sana, wasikudanganye.

"Shuka."

"Dada, mimi ni mkono tu. Aliyenituma ni mwingine."

"Basi huo mkono ushuke, na mwili wake wote."

"Nimeshapewa kianzio!"

"Kianzio ndicho kilichokupandisha. Mimi ndiye nitakayekushusha."

Akashuka. Maskini, ni mtu mzuri, ana watoto wengi. Nikampa chai, na akairudisha ile "Chok" siku hiyohiyo. Sasa imeng'aa kuliko "aa", duka linaonekana kama linapiga kelele mwanzoni kisha linachoka. Liache hivyohivyo.

Haukupita muda Mwenyekiti akaja mwenyewe, gari limeachwa katikati ya njia. Akaniambia mimi ni mtoto wa kike, nitaolewa, jina la ukoo halinihusu. Nimefikisha umri huu naendesha duka hili peke yangu tangu Baba afe, na bado nitaolewa! Nilikuwa nimeshafungua kinywa, Bibi akatoka huku nyuma taratibu, ameshika ukuta. Akaketi juu ya mfuko wa saruji. Akamwita kwa lile jina la utotoni ambalo siliandiki kwa heshima ya mvi zake.

"Mwanangu, unataka kuliondoa jina?"

"Mama, ni kwa heshima yako."

"Haya, liondoe. Lakini uanze na kunirudishia jicho."

Mwenyekiti wa vikao vyote hivyo akakunja miwani, akaikunjua. Nakuambia tulikuwa tumeshinda. Niliona mabega yake yakishuka, na nadhani angebaki kidogo tu angelia, na pengine ingekuwa heri kwake na kwetu.

Ndipo akakutoa wewe mfukoni.

"Mama, mbona hata Kikopo amekubali? Mtoto wake keshaandikwa jina la mzee. Wewe tu na huyu ndio mnaogoma."

Bibi akanigeukia mimi, akanitazama kwa lile jicho moja. "Kweli?"

Nilikuwa na ujumbe wako kwenye simu, na nilikuwa nimemficha siku zote zile, nikitumaini utazinduka. Lakini sijawahi kumwambia Bibi uongo na nisingeanzia hapo. Nikasema kweli. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mvua inanyesha. Akasema, "Basi, kama yeye amekubali." Akainuka akarudi ndani. Umeelewa? Kwa mwanawe mwenyewe alisimama imara. Kwa neno lako akaketi.

Mwenyekiti akaondoka hana furaha ya ushindi, nimpe haki yake. Bango hajaligusa tena. Lakini karatasi za kubadili jina la ukoo mzima zinapelekwa mwisho wa mwezi, na amesema bila pingamizi lako zitapita, kwa kuwa wewe ndiye mwana wa kiume wa mkubwa wao. Mimi ninayelala na Bibi chumba kimoja na kumkata kucha pingamizi langu halina uzito. Wewe uliye mbali, ambaye kazi yako ilikuwa kuandika neno moja tu, hapana, uliandika sawa. Ulishindwa nini? Herufi zilikuwa nyingi?

Bibi hali vizuri tangu siku ile. Daktari amempima, anasema moyo umechoka na tusimkasirishe, kana kwamba tunafanya hivyo kwa kujifurahisha. Alhamisi nikimpaka mafuta miguuni akaniuliza, "Nikifa, juu yangu mtaandika nani?" Nikamwambia tutaandika wewe. Akasema, "Hapana. Ukoo ukishaitwa jina lake, mimi nitakuwa mke wa fulani. Nitalala chini ya jina lake mpaka Kiyama." Alisema hivyo huku akinyoosha mguu mwingine nimpake.

Na kitanda chako. Unakijua kile cha chuma kilicho upande wa dirisha, ambacho hakuna mgeni aliyeruhusiwa kukilalia tangu uondoke? Shuka yake inabadilishwa kila wiki, hata kama mwenyewe amehama nchi. Jana Bibi akaniambia nikitoe, nimpe yule fundi cherehani wa jirani, watoto wake wanalala chini. Nimemwambia fundi aje Jumamosi ijayo. Nimejifanya sina nafasi kabla ya hapo.

Sikuombi unipigie mimi. Mimi ukinipigia nitapiga kelele na wewe utasingizia mtandao. Mpigie yeye. Mwambie kwa kinywa chako mtoto anaitwa nani. Kama ni Mlinda Mlango, mtamkie hivyo, silabi kwa silabi, usikie atakavyonyamaza. Kama kuna la kurekebisha huko, karekebishe kwanza halafu umpigie, na Mwenyekiti umwandikie hapana yako. Ukishindwa yote mawili nitakupenda bado, kwa kuwa sina mdogo mwingine, lakini nitakupenda kwa kukaa mbali nawe.

Mama anakusalimu na anauliza kama mtoto amechukua masikio ya kwao. Shangazi anakusalimu, amekuja jana usoni hana raha, amekaa na Bibi mlangoni mchana kutwa, na leo amekuja tena. Mchora mabango anakusalimu pia, anasema ukija na mtoto atamwandikia jina bure, jina lolote. Mpe wifi mkono wangu, mwambie hasira hizi si zake, yeye ni mgeni kwenye mambo haya na hakuambiwa ukweli. Mbusu mtoto kila ngumi.

Nilimuuliza Bibi nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Alikuwa amekaa kitandani kwako, analaza shuka kwa kiganja. Nilidhani atakutukana, na ningefurahi sana akutukane, ningeandika kila neno. Hakuwa na hasira hata chembe. Akasema, "Usimwandikie kitu. Mtu hampi mwanawe jina la aliyeondoka kama ana nia ya kurudi."

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe usingizi, lakini si leo.

Wako akupendaye na kukukasirikia kwa moyo mmoja,

Dada yako.